Bido ya Aline mu mulongo wa pompe

Siku ya ine. Jua ya leo ni ile ya kukausha mate mu kinywa, na nyumba imenyamaza. Basi nasema mu telefone, mwanangu Aline ataandika kule Mbarara, aweke fasi, ile mahali batu banasoma. Aline, usinyooshe maneno yangu.

Leo mademoiselle wa maji alitoka Base Camp, ku ofisi za kambi yetu ya bakimbizi, akatuita ku pompe yetu hapa Rubondo. Alisema juu kule kuko satelite mbili zinafwatana. Zikikaribia fasi yenye uzito, milima ao maji mingi chini ya udongo, ya mbele inavutwa kwanza, inaacha mwenzake. Kisha ya nyuma nayo inavutwa, inamufikia. Batu ba satelite banapima ile nafasi katikati, mwezi kwa mwezi. Ndio banajua maji ya chini inapunguka.

Jirani yangu Mama Riziki, ule munene, akasema, "Ikipita juu yangu si itaanguka?" Tulicheka! Miye nilicheka mpaka kikohozi. Hiki kikohozi nilitoka nacho kwetu Fizi, lakini hiyo ni habari ingine.

Nikauliza: mutu akitoka mu nyumba, satelite inaona uzito umepunguka?

Mademoiselle akaniita Koko, ni kusema bibi, akajibu: "Hapana, Koko. Hata pompe yenu satelite haioni, inapima nchi nzima. Hapa tulishusha kamba mu shimo ya pompe. Mutu ni mwepesi sana."

Mwepesi! Huyu hajaachwa.

Kamba nayo ilionyesha maji imeshuka. Basi kuanzia kesho ni bido moja, ile dumu ya kuchotea maji, kwa kila mutu mwenye kulala mu nyumba. Papa Elia wa komite atapita asubui kuhakikisha majina mu daftari.

Sasa niseme ukweli. Hapa ku pompe bido ndiyo inasimama mu mulongo, mwenyewe anakaa kivulini. Aline, tangu uende, mwaka wa pili huu, kila asubui napanga mbili. Yangu, na ile yako ya njano yenye kuzibwa na kigunzi cha muhindi. Maji yako namwangia maharagi. Nilitaka tu bamama baulize, "Aline iko wapi?" nijibu, "Anakuja."

Balishaacha kuuliza.

Papa Elia iko mutu muzuri. Nikimudanganya atajua, lakini ataandika mbili, na ile maji nitakuwa nanyanganya batoto ba Mama Riziki. Nikisema kweli, atapiga musitari ku jina yako.

Kesho atafungua daftari, aniulize, "Koko, muko bangapi humu?"

Aline, nijibu nini?