Wameugawana ufito wa Papa

Jumapili, mwezi wa saba.

Vumbi tupu. Kiangazi kimeufunika mji tangu asubuhi, ng'ambo ya ziwa haionekani, na mashuka niliyoanika jana yamegeuka rangi ya unga wa ulezi. Nimekwenda misa, nimeimba, nimerudi, na hasira yangu haijapungua hata kidogo. Padri amehubiri juu ya kusamehe. Nimemsikiliza kwa adabu.

Acha niandike, labda nitatulia.

Jana wameugawana ufito wa Papa wa kuvulia samaki.

Sisemi kwamba wamempa mtu. Hilo ningelimeza. Nasema wameugawana, kipande huku na kipande kule, kama watu wanaogawana mbuzi.

Papa alikufa mvua zilipokuwa zinaisha, na jana ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Ndugu zake wawili waliteremka kutoka Walungu kwa pickup ya kukodi: Papa Mukubwa, kaka yake, na Papa Mudogo, mdogo wake. Ni watu wa ng'ombe na mashamba ya maharagwe. Sijawahi kumwona hata mmoja wao akila samaki bila kukunja uso. Nalisema hili kwanza kabla sijakumbuka kuwa ninao wajibu wa kuwaheshimu.

Papa yeye alikuwa makanika. Zamani alifanya kazi kwenye shamba la chai upande wa Kavumu, na mzungu mwenye shamba alikuwa amechimba bwawa na kutia humo samaki wa kigeni wanaoitwa blakibasi. Mdomo mpana, tabia mbaya. Blakibasi hali kinyesi cha ng'ombe wala vipande vya ugali kama tilapia wetu. Anataka kitu kinachokimbia, akifukuze, akimeze kwa hasira. Mashamba ya wageni yalipochukuliwa na serikali, mzungu alifungasha akaondoka, na vyombo vyake vya kuvulia akamwachia Papa. Raia aliyepewa shamba hajui hata kukata chai. Miche imeota ikawa miti. Bwawa amelisahau. Samaki hawakujua kwamba kuna mabadiliko, wakaendelea kuzaana.

Huko ndiko Papa alikokuwa akinipeleka, mimi mtoto wake wa pekee, tangu nikiwa na soksi za shule mpaka nimekuwa mwalimu mwenye darasa langu.

Alinifundisha kuchagua. Watu wengi, alisema, wakitaka kuvua wanaanza na ufito kwa sababu ndio unaoonekana, wautembeze barabarani. Wewe anza na samaki. Jiulize anakula nini saa hii, na maji yakoje. Kisha chagua chambo. Asubuhi maji yakiwa yamelala, tia kile kisamaki cha mbao chenye tumbo jekundu kinachoogelea juu. Jua likipanda, samaki anashuka chini kwenye visiki, basi tia kijiko cha chuma kinachozama na kumetameta. Kutokana na uzito wa chambo unapata unene wa uzi. Kutokana na uzi unajua mulinee gani, ile mashine ndogo ya kuzungushia uzi. Ufito unakuja mwisho kabisa, na uwe na ncha laini ya kurusha chambo chepesi mbali, lakini tako gumu la kumvuta samaki kabla hajazungusha uzi kwenye kisiki.

Ufito wetu ulikuwa hivyo hasa. Wa nyuzi za kioo, rangi ya asali, vipande viwili vinavyochomekana. Kipande kinene chenye mshikio wa koki, ile ya vizibo vya chupa, na kipande chembamba chenye vipete vidogo vya kupitishia uzi. Ukivitenganisha huna ufito. Una vijiti viwili.

Hospitalini, Maman akiwa ameketi kitandani na mimi nimesimama, Papa alisema vyombo vya kuvulia ni vyangu. Alisema waziwazi. Tulisikia wawili.

Sasa, jana.

Maman aliamka mapema akatandika mkeka mkubwa uani na kupanga vitu vya Papa juu yake. Baiskeli aliipaka mafuta. Redio aliitia betri mpya ili wakiwasha iimbe. Abakosti mbili, zile suti zisizovaliwa tai, zimepigwa pasi. Viatu vya misa. Na katikati kabisa, ukiwa umechomekwa ukang'aa, ufito wenye mulinee yake, na kando yake sanduku la vyambo likiwa wazi ili kila mtu aone rangi zake.

Nilimuuliza kwa nini ameutoa hata huo. Alisema mgeni haonyeshwi nusu ya vitu. Nikadhani atasema neno lake mbele ya wazee, kwamba huu una mwenyewe.

Hakusema.

Kwa watu wetu mgao wa matanga una njia yake. Kila ndugu wa marehemu lazima aondoke na kitu mkononi, na mkubwa apate kinene kuliko mdogo. Wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, wanaongea juu ya marehemu, wanaingia kwenye vitu kimoja kimoja. Mwishoni mkubwa anainua kibuyu, anamwaga kidogo chini, anasema maneno yamekwisha. Hapo mgao umefungwa. Anayeufungua tena anajitafutia laana ya ukoo mzima. Na mjane, wakati huo wote, anakaa na kitambaa chake kichwani kana kwamba mazungumzo ni ya mji mwingine.

Baiskeli kwa Papa Mukubwa. Redio kwa Papa Mudogo. Abakosti moja moja, ingawa Papa Mudogo ana tumbo ambalo vifungo havitalifikia mpaka siku ya kiyama. Viatu walivijaribu wote wawili. Sikununa. Ni vitu vya kaka yao, nao walimpenda kwa namna yao.

Kisha wakafika kwenye ufito, na wote wawili wakaushika.

Nilisimama nikasema, kwa heshima yote niliyofundishwa, kwamba Papa aliniachia mimi, na kwamba Maman ni shahidi. Nikamgeukia Maman. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Papa Mukubwa hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alicheka kidogo, akaniuliza kama mtu anayemuuliza mtoto aliyevaa koti la baba yake:

“Mwanamuke anavuaka samaki wapi?”

Nilijibu kwamba huyu hapa amekwisha vua kwenye bwawa la Kavumu samaki wa urefu wa mkono wake. Wakacheka wote, hata dereva wa pickup. Machozi yakaanza kunitoka, machozi ya hasira yale yanayokuaibisha zaidi, na sikuweza kuyazuia.

Kisha Papa Mudogo akaushika ufito katikati, akauvuta, ukaachana.

Macho yao yaling'aa. Tatizo lao limekwisha! Kumbe ni viwili! Kinene kwa mkubwa, chembamba kwa mdogo, na ukoo una amani. Papa Mukubwa akaing'oa mulinee, akaanza kutembea uani na kile kipande kinene, mshikio wa koki ardhini na shingo juu, kama wakubwa wa Chama wanavyotembea na bakora zao kwenye gwaride. Papa Mudogo akapiga hewa kwa kile chembamba, fyuu, akasema kinafaa ng'ombe, hakiumizi lakini wanakisikia. Vile vipete vya uzi, ambavyo Papa alikuwa anavifuta kwa kitambaa cha pamba kila tukirudi bwawani, alisema atavikwangua, vinakwaruza mkono.

Atavikwangua!

Niliwaeleza. Niliwaeleza kama ninavyolieleza darasa la pili, kwamba kile hakifanyi kazi bila hiki, kwamba ni kitu kimoja. Papa Mukubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nisilie, hata binti hatoki mikono mitupu.

“Nabintu, chagula kintu kimoya. Mulinee ao sanduku.”

Watu wote wakaniangalia. Nami, Mungu anisamehe, badala ya kutupa kila kitu chini na kwenda zangu, nikaanza kufikiri jinsi Papa alivyonifundisha.

Sanduku lina kisamaki cha tumbo jekundu, kile kilichomshinda samaki mkubwa wa kisiki cha tatu. Lina vijiko vyote. Lakini kijiko unaweza kukikata kutoka kijiko cha jikoni, Papa amekata vingi, Maman analalamika mpaka leo. Kisamaki cha mbao unaweza kukichonga, vibaya mwanzoni, baadaye vizuri. Ufito, ikibidi, utakuwa mwanzi. Uzi utapatikana sokoni kwa mtu anayetoka Bujumbura. Lakini mulinee nani ataichonga? Duka lililokuwa likiuza vitu hivyo lilipewa raia mwingine, na sasa rafu zake zina sabuni, makopo ya nyanya na picha moja ya Rais ukutani. Mulinee ikienda, imekwenda.

Nikasema mulinee.

Papa Mukubwa alitikisa kichwa, akasema nimechagua kitu kidogo kweli, kitu cha mwanamke, kama kinu cha kahawa. Sanduku akalichukua yeye kwa ajili ya wajukuu. Nilipopiga kelele kwamba kila chambo kina ndoano za meno matatu, zitamtoboa mtoto, aliomba koleo. Alikaa kwenye kiti cha Papa akakata ndoano zote, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa babu mwema, na mimi nikasimama pale nikiangalia zinavyodondoka kwenye vumbi. Hapo nililia kwa sauti.

Akainua kibuyu. Akamwaga. Maneno yamekwisha.

Waliondoka kabla jua halijachwa, Papa Mudogo akiwa amekaa nyuma ya pickup na ncha ya ufito ikichezacheza juu ya kichwa chake. Iliinama vizuri kwenye kona. Hiyo ndiyo laini niliyokuwa nasema, lakini nani wa kumwambia.

Jana sikuongea na Maman. Nilikataa chakula. Kuna hasira ya kuwakasirikia watu wasiojua, nayo inachosha haraka. Na kuna hasira ya kumkasirikia mtu aliyejua akanyamaza. Hiyo haichoshi.

Leo baada ya misa nimemkuta jikoni anatwanga sombe ya majani ya muhogo. Nikamuuliza. Nilipanga kuuliza kwa upole, haikuwa upole. Nikamwambia ulisikia hospitalini kama nilivyosikia mimi. Neno moja tu lingetosha. Uliutoa mwenyewe, uliung'arisha mwenyewe, uliuweka katikati ya mkeka kama zawadi, kisha ukaniacha nijiaibishe mbele ya dereva.

Hakuacha kutwanga. Aliniuliza kama namkumbuka jirani wetu wa chini, yule mjane mwenye watoto wadogo. Namkumbuka. Mashemeji zake walikuja kumaliza matanga, wakagawana sufuria, wakatazamana, wakaona mikono bado myepesi, wakagawana nyumba. Siku hizi anaishi kwa dada yake huko Luvungi na anauza mkaa.

Kisha akaweka mchi chini.

“Bale balikuya juu ya hii nyumba, mutoto wangu. Uliona mwenye aliitaja?”

Nilirudisha jana yote kichwani, kutoka baiskeli mpaka kibuyu. Kweli hakuna aliyeitaja. Nyumba hii ya Kadutu, matofali aliyoyachoma Papa mwenyewe, paa la bati, vyumba vitatu na ua. Walikuwa wamekaa ndani ya uzio wake mchana kutwa wakibishana juu ya vijiti.

Nikamwambia basi angenieleza mapema. Mimi si mtoto. Ningenyamaza, ningemsaidia, tungefanya pamoja.

Akasema hapana. Ningejua, ningewaangalia kama mtu anayejua. Papa Mukubwa si mpumbavu. Maisha yake yote ananunua ng'ombe, anasoma uso wa muuzaji kuliko anavyosoma meno ya ng'ombe.

“Balipoona unalia ndipo baliamini bamepata kile kikubwa,” alisema. Akaushika mchi tena.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Alichagua kitu nilichokipenda kuliko vyote, akakiweka pale kwenye mwangaza, na mimi nikakililia kwa moyo wangu wote, kwa kweli kabisa, mbele ya watu. Hakuniomba ruhusa. Nimejiuliza mchana kutwa ningefanya nini mahali pake, na kila nikifikiri nafika palepale alipofika yeye, na hilo linaniudhi zaidi.

Najua ninapaswa kumshukuru. Sitamshukuru leo. Leo nimemnunia, nimemnunia chumbani kwangu, mlango nimeufunga kwa funguo, na hakuna mtu wa Walungu atakayekuja kuniambia nihame.