Utambi Uliosuuzwa Mara Tatu

Hadi, keti kwanza. Rafiki yako Shekhan, mwalimu mzima wa sayansi, leo Jumanne 12 Machi 1957 ameumbuka mbele ya mkaguzi aliyekuja kuamua kama atathibitishwa kazini. Mbele ya mkaguzi, Hadi!

Alipanga bilauri mbili: moja ya maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, na kipande cha shaba, ya pili ya chumvi ya zinki na kipande cha zinki. Waya wa kuunganisha vipande hivyo ukapita kwenye mita ya umeme. Kati ya bilauri akalaza utambi wa taa, aliouloweka katika maji ya chumvi tangu jana.

Ubaoni akaandika kwa mbwembwe: "Zinki ikiyeyuka, chaji huzidi huku na kupungua kule. Chumvi ya utambini husafiri kusawazisha. Bila chumvi, umeme husimama."

Sindano haikutikisika. Akagonga mita. Akasoma Bismillahi. Wapi!

Mkaguzi, Bwana Gharib, akaugusa utambi katikati, akaonja kidole. Akaonja, wallahi! "Mwalimu, chumvi naiona ubaoni. Huku imekwenda wapi?"

Hapo ndipo rafiki yako alipokumbuka. Asubuhi aliukuta utambi umeganda weupe wa chumvi kama samaki ng'onda, akaona haya kumwonyesha mgeni. Akausuuza kwa maji ya birika, mara tatu, kama tusuuzavyo kila kitokacho baharini. Mara tatu, Hadi!

Akakimbia kuuchovya baharini, hatua kumi tu kutoka mlangoni. Aliporudi, sindano ikaruka. Lakini ripoti ilikwisha andikwa, mstari mmoja:

"Mwalimu huyu ni msafi kupita kiasi."