Jicho Lililoachwa

Ruiru, 6 Mei 1957

Kaka yangu Omondi,

Salamu kwako, kwa wifi Aketch na kwa mtoto wenu Awiti. Mimi mzima, ila jicho. Juzi nikichuma kahawa tawi lilinichapa jicho la kulia, dresa wa zahanati ya shamba akalifunga. Nyapara akaniweka mezani nichambue. Kumbe kwa hili la kushoto sioni punje nzuri wala mbovu, ni ukungu mtupu. Nyapara anasema, "Perez, hilo jicho ni safi, unajifanya." Hata dresa amelimulika, haoni kidonda. Nimechoka kubishana, na hata barua hii naandikiwa na jirani.

Dada yako,
Perez

Thika, 11 Mei 1957

Dada Perez,

Pole sana. Sisi tunaendelea, ingawa kiwandani ni shifti juu ya shifti. Daktari wa macho kutoka Nairobi atafika hospitali hapa mwisho wa mwezi. Njoo ulale kwetu. Huyo nyapara mwache.

Kaka yako,
Omondi

Ruiru, 3 Juni 1957

Kaka,

Nilifika salama, asanteni kwa malazi. Siku ile nilitoka kwa daktari sina nguvu ya kueleza. Alinibadilishia vioo mpaka nikasinzia. Anasema macho yangu hayalingani tangu utotoni. La kulia liliona vizuri, la kushoto lilitaka kioo kikali, basi akili ikalishika moja ikaliacha lingine. Halikujifunza kuona. Kwa umri wangu miwani haitasaidia sana.

Nikamuuliza ni nani amenifanyia hivi. Akasema, "Hakuna, mama. Kwa watoto mia, wawili au watatu wana jicho zembe, na wengi ni kwa macho kutolingana kama yako. Halijapinda, kwa hiyo hakuna anayejua."

Mara nyingine hufuata ukoo, lakini mtoto mdogo hutibika. Mfunike Awiti jicho moja, halafu lingine. Usingoje Jumapili ya mapumziko.

Dada yako,
Perez

Thika, 19 Agosti 1957

Dada,

Hatujambo, tumechoka tu. Tulimfunika. Kwa jicho la kushoto alisoma kalenda ya ukutani vizuri. Kwa la kulia akauliza, "Baba, kalenda imeenda wapi?"

Daktari amempa miwani, na kila siku tufunike lile jicho zuri. Anang'oa kitambaa, analia, anajigonga kwa meza. Shuleni wanamwita Chongo. Jana alimwambia mama yake, "Wewe hunipendi." Aketch alikaa jikoni mpaka moto ukazima. Tumeamua kuacha hadi akue kidogo.

Kaka yako,
Omondi

Ruiru, 22 Agosti 1957

Kaka,

Leo sina salamu ndefu, jirani ananiandikia tena. Jicho langu la kulia limebaki na kovu. Nimepewa kazi ya kugeuza kahawa juani, nafanya kwa kupapasa.

Mimi ndiye huyo mtoto aliyeachwa akue. Daktari hakuficha, akikua tumechelewa. Rudisheni kitambaa kesho asubuhi. Akilia, mwambieni ni shangazi wa Ruiru ameamuru, na ni mkali, haambiliki. Anichukie mimi. Mimi niko mbali, nitaweza.

Dada yako,
Perez