Vizibao Vinane

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kuuma na jirani amekurudishia pasi yako. Mimi mwili ni mzima. Mengine si mazima, basi nianze na lililo zito.

Kijiti amechukuliwa. Ilikuwa Jumanne saa sita mchana, kazini kwake, pale wanapoosha magari. Wanaume wanne walishuka kwenye gari jeupe lisilo na namba. Walivaa vizibao vyeusi vilivyoandikwa UHAMIAJI mgongoni, na barakoa za kufunika uso mzima, macho tu nje. Walimwita kwa jina. Akasema kibali chake kiko kwenye koti, akaomba akakichukue. Wakamwambia atakionyesha huko mbele. Wakamwingiza garini sponji bado iko mkononi.

Nimekwenda ofisi ya uhamiaji. Dirishani kuna bwana mwenye kovu kidevuni. Nilimpa majina yote matatu ya Kijiti. Akafungua kitabu, akapitisha kidole taratibu, akasema, "Dada, jina hilo halimo humu." Nimerudi mara tatu, na jibu ni lilelile. Polisi nao wakaniuliza nina uhakika gani kwamba waliomchukua si maafisa wa kweli. Sina. Wale wa kweli pia hufunika nyuso, hawataji majina, hawavai namba. Anayetaka kujifanya afisa anahitaji kitambaa cheusi na ujeuri tu.

Nisamehe kukupa habari hii kwa karatasi. Uliponikabidhi mdogo wangu uliniambia nimrudishe kama alivyo.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, na usiyaulize tena mpaka mdogo wako apatikane. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikafunika cherehani mchana kweupe. Tangu tumzike baba yenu sijawahi kufanya hivyo.

Watu watakuambia umwachie Mungu. Mimi nitamwachia Mungu nikishamaliza nao. Kwa sasa nawaombea tumbo la kuendesha wakiwa kwenye foleni ndefu, na hilo ni la kuanzia tu.

Acha kulia juu ya vitambaa vya wateja. Wewe ni fundi, tazama kama fundi. Umeniandikia vizibao vyeusi, kana kwamba nyeusi ni kitambaa. Kola ikoje? Yale maandishi yamechapwa au yameshonewa? Mtu anaweza kuficha uso, lakini nguo yake iko wazi mbele ya kila mtu. Mtafute aliyeiona kwa karibu.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi magoti.

Aliyeona ni mama muuza matunda, anayekaa mkabala na pale wanapoosha magari. Alirekodi kwa simu akiwa ameificha kwenye machungwa. Imemchukua wiki nzima kuniamini, maana naye ana wanawe na vibali vyao viko njiani. Kwenye video mgongo wa mmoja wao umeziba kioo chote. Kiraka cha maandishi kimeshonewa, na kila pembe imefungwa kwa mguu wa kuku.

Unajua ninachosema. Vishono vitatu vinatawanyika, cha nne kinarudi katikati, ili pembe isinyanyuke. Wewe ulinifundisha, nawe ulifundishwa na bibi. Hapa mjini sijamwona fundi mwingine anayefunga pembe hivyo. Mkono ule ni wangu.

Mwezi wa kumi na moja alikuja mteja mwenye mwavuli, mtu wa kutembea nao hata kwenye jua kali. Aliniletea vizibao vinane na viraka vyake, akasema ni kazi ya serikali. Mama, nilijivuna. Nilimwambia Kijiti, "Dada yako sasa anaishonea serikali," akanicheka wiki nzima. Sisi tunaodaiwa karatasi kila kona, sikumdai yule bwana hata karatasi moja.

Watu waliomchukua mdogo wangu nimewavisha mimi. Niambie cha kufanya, maana nikishika mkasi nawaza mambo mabaya.

Binti yako

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba mimi pia, miaka arobaini, sijamuuliza mteja nguo yake inakwenda kufanya nini. Hasira iliyobaki nimeihamishia yote kwa mwenye mwavuli, na anaiweza, maana ni nyingi.

Mkasi uweke chini. Ukimchoma utafungwa wewe, naye atazikwa na siri ya mwanangu.

Mtu huyo atarudi. Nguo za kazi huchakaa, na hawezi kwenda kwa fundi mpya atakayemuuliza maswali. Akija mpe kiti, muulize habari za nyumbani. Atakachotaka kishonwe, kishone kwa ule uzi wa kushikizia, unaoyeyuka ukilowa. Unaujua vizuri. Ulikuwa na miaka kumi na tano ulipousahau kwenye gauni la bibi harusi, bibi harusi akacheza, akatoka jasho, na mkono mmoja wa gauni ukabaki ukumbini.

Nilikuchapa siku ile. Leo nakuomba ulirudie kosa lilelile.

Mama yako

20 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nasubiri mvua.

Mwenye mwavuli alirudi mwezi uliopita. Alitaka barakoa kumi, zenye mshono katikati ya uso ili zibane vizuri. Za zamani zimelegea. Nilimpa kiti na chai. Akaniambia nina mkono mzuri, nikamwambia nimefundishwa na mama yangu. Barakoa zote kumi nimezishona kwa uzi ule. Kisha nikamnong'oneza mama muuza matunda, naye akawanong'oneza wenzake: siku watakayokuja na mvua inanyesha, mtu asikimbie, kila mmoja ashike simu.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi huu, asubuhi, walikuja kwenye duka la mikate la mtaani kwetu, wakaita watu watatu kwa majina. Mvua ilikuwa ya wastani, lakini pamoja na pumzi zao za kufoka ilitosha. Barakoa ya kwanza iliachia puani, ikafunguka mpaka kidevuni, ikabaki inaning'inia masikioni vipande viwili. Mmoja alijaribu kuishika yake kwa mikono yote miwili, ikabidi amwachie mwanamke aliyekuwa amemkamata. Watu walisimama tu, wanarekodi. Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwepo, na nilifurahi, Mama, nilifurahi mpaka nikajiogopa.

Wa mwisho kuanikwa alikuwa na kovu kidevuni. Ni bwana wa dirishani, mwenye kitabu. Ndiyo maana walikuwa wanaita watu kwa majina, na ndiyo maana jina la Kijiti halikuwemo.

Safari hii polisi walikuja, maana kila uso ulikuwa na mtu wa kuutambua. Mwenye mwavuli naye alikamatwa jioni. Wamekuta watu kumi na mmoja kwenye ghala, wanapakia vigae bure, wameambiwa hicho ni kizuizi cha serikali. Hakuna aliyejaribu kutoroka, kwa kuogopa kuvunja sheria.

Kijiti hakuwemo. Wenzake wananiambia siku ya tano aliuona mguu wa kuku mgongoni kwa mlinzi, akacheka, akawatangazia wote: "Hii kaishona dada yangu kwenye chumba cha nyuma. Hawa si serikali." Alikosea kidogo tu, mmoja wao alikuwa serikali. Jioni hiyo walimhamisha. Wapi, hakuna anayesema. Yule bwana wa dirishani amefunga mdomo kabisa.

Jana mke wake ameniletea suti. Hanijui, ameelekezwa tu kwamba nashona vizuri. Anataka kiuno kipunguzwe, mumewe amekonda, na tarehe 25 Julai anapanda kizimbani. Nimeipokea. Iko mezani, na ule uzi uko karibu na mkono wangu. Niambie.

Binti yako

3 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kwenye barakoa nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikafika kwa Kijiti. Mtoto alilelewa chini ya cherehani yangu, akichezea vifungo. Bila shaka angeutambua mkono wako popote. Usijitese kwa hilo. Kuna wa kuteswa.

Ule uzi urudishe kabatini. Suruali ikimwanguka mahakamani watu watacheka, na wakifika nyumbani wataanza kumwonea huruma. Sitaki huruma imkaribie. Mshonee kwa uzi imara kuliko wote ulio nao. Kiuno kikae sawasawa, mikunjo ipigwe pasi mara mbili. Asiwe na cha kurekebisha wala cha kuvuta, asimame tu atazamwe uso.

Ila ndani ya mkono wa kulia wa koti, pale kiganja kinapotokea, tarizi majina yote matatu ya mwanangu. Tumia uzi mwekundu, na herufi zisomeke bila miwani. Atayaona wakati anavaa, na hatakuwa na koti jingine. Mwisho wa jina funga kwa mguu wa kuku, ajue ni nani amemshonea.

Huo ndio mkono atakaouinua kuapa. Wakimuuliza mwenye jina hilo yuko wapi, asithubutu kusema halimo.

Mama yenu