Simu Niliyoiacha Garini

Najma, Doha
Oktoba 25, 2009

Dada Mwanamvua,

Salamu zikufikie hata kama umeninunia. Mimi mzima, na mzuri kuliko huyo mchumba wako mwenye masikio ya popo.

Ijumaa nilimwendesha bosi hadi kisiwa cha mikoko, Al Khor, kutazama heroe, wale ndege wa waridi wanaokuja huku joto likipungua. Mimi ndiye niliyewaona kwanza! Bosi alikuwa ameniambia, “Yalla, simu iache garini, itawafukuza.” Nikaiacha.

Niliporudi, Baba Mdogo alikuwa amepiga mara kumi na nne. Nilimwambia mtandao ulikatika. Uongo, dada. Nikiwa bado natazama heroe, nilikumbuka kwamba marehemu Baba hayupo, walii wako ni mimi, na shehe anangoja idhini yangu kwenye simu. Nikajisemea, bado kidogo. Nawe ukakaa na hina yako mpaka wageni wakaondoka.

Zuhura wa hapa Najma anasafiri kesho kuja huko na barua hii. Baba Mdogo amsomee shehe: mimi, Shebe bin Omari, nimempa shehe idhini amwozeshe dada yangu. Usiningoje tena.

Ni mimi mdogo wako, mwenye masikio ya pambo tu,
Shebe