Jibu Yangu Juu ya Kamutukari na Neema

Walikale, siku ya Mungu, kisha ya kula ya jioni

Mama yangu mupendwa,

Nakusalimia kwa mikono miwili, hata kama sasa hivi ya kushoto imemubeba mutoto na ya kuume njo inaandika. Magoti yako iko namna gani na ile baridi ya Burungu? Ile dawa ya kupakaa nilikutumia, unaipakaa, ao umeifungia mu sanduku pamoja na vitenge vipya? Kikohozi ya asubuhi imepungua? Na ile mbuzi yako yenye kichwa ngumu, ingali inakula maharagi ya jirani? Huku sisi tuko wazima. Neema anasema kila kitu sasa, na kile hajui kusema anakilia. Mimi pia niko muzima, ila nimechoka. Si ugonjwa. Ni ile kuchoka ya kulala nayo na kuamka nayo.

Mama Riziki, jirani yako, alifika na fromage zake za maziwa ya ngombe na ujumbe yako. Alinipa ile ujumbe angali amesimama, hata maji hajakunywa, juu aliogopa kusahau neno.

"Mama yako anasema hivi," akaniambia. "Mwanamuke mwenye mutoto hashindane na wanaume kwa mutukari. Sasa muguu imevunjika. Unipe Neema nimupeleke kwake Burungu, na wewe ubakie huku ucheze mpaka uchoke."

Mama, kuchoka nilishachoka. Si ile mutukari njo ilinichokesha. Mama Riziki anarudi kesho asubuhi na kamio ya kubeba makaa, anangoja jibu. Kwa hiyo acha nikueleze vile mambo ilienda, wewe mwenyewe uone, kisha nikujibu.

Unajua nafanya kazi kwa Papa Kambale, mutu ya Butembo mwenye kuuzisha vipande vya moto, zile pikipiki, na vya magari. Ni mukristu muzuri, haachake misa, lakini duka ni duka. Asubuhi naamuka, nachota maji, nawasha makaa, nampikia Neema uji, namufunga kwa mugongo, tunaenda kufungua. Siku yote ni "Mama Neema, leta cheni", "Mama Neema, hesabu hii", "Mama Neema, mutoto anakula kalamu". Jioni naanza upya na maji na makaa. Bahati, mume wangu, yuko mu barabara na kamio; akirudi analala kama jiwe, kisha anaenda tena. Simulaumu. Barabara ya huku inakula watu nguvu. Ila nakuambia ili ujue siku zangu zinafanana namna gani.

Sasa, nyuma ya depo ya duka kuna mafundi wenye kutengeneza moto. Mukubwa wao anaitwa Paluku, kijana mutulivu, maneno machache. Yeye njo alichomelea vyuma, akafanya kitu cha chini-chini, akatia moteri ya moto nyuma na magurudumu ine ya brueti, zile za kusukuma muchanga. Haina mulango, haina paa. Unakaa matako karibu iguse udongo na miguu umeinyoosha mbele kama mutu anaota moto. Wao wanaita karting. Watoto ya mutaa wanaita kamutukari, na mimi nafuata watoto. Kila siku ya Mungu, kisha ya misa, wanakapeleka ku kiwanja ya mpira, ile yenye udongo mwekundu imekazana kama simenti. Wanapanga pineti za zamani, matairi yenye yameisha, kufanya kona, wanapokezana. Papa Kambale aliwaachilia. Alisema heri vijana wapoteze esansi ya moteri kidogo kuliko kupoteza akili mu pombe.

Mimi nilikuwa napita pale nikitoka kanisani, Neema kwa mugongo. Nilikuwa nasimama kidogo. Mara ingine kidogo inarefuka. Muke ya Papa Kambale, Mama Kavira, anakaliaka pale na kiti yake anakula karanga. Siku moja akaniambia, sauti ya kusikika na wote:

"Wewe Mama Neema, unaangalia ile kitu kama mwenye njaa anaangalia sahani ya wengine. Leta mutoto hapa, ingia."

Nikasema, "Mama, mimi niko na mutoto na niko na soni."

"Mutoto ninamushika. Soni, uiweke chini ya kiti yangu, hakuna atakayeiiba."

Nikaingia, Mama. Hakuna aliyenisukuma. Kitenge nikaifunga chini ya magoti, Paluku akanivalisha ku kichwa kaske yake ya moto, akaniambia polepole: muguu ya kuume ni gazi ya kukimbiza, ya kushoto ni freni, miguu yote inabaki ndani. Nikasema nimesikia. Nilisikia kweli. Lakini kusikia ni masikio, na muguu iko mbali na masikio.

Kona ya kwanza ikafika. Na mwili yangu, badala ya kukanyaga freni, ikafanya vile ilizoea kule kwetu: muguu ikatoka, ikaenda nyuma kutafuta kile kipande cha mpira juu ya gurudumu. Mama, unaelewa? Nilikuwa nasimamisha chukudu. Mara ngapi nimeshuka na ile chukudu ya marehemu Papa, mbao tu na magurudumu mbili, toka juu ya mulima mpaka soko, na viazi mbele, nikikanyaga mpira ya nyuma na kisigino? Mwili haikusahau. Sasa kwa kamutukari hakuna mpira ya nyuma. Kuna gurudumu yenye inazunguka tu. Ikashika kambambili yangu ya mu muguu, ikaitupa kule, ikanikwaruza kifundo, na mimi nikaenda moja kwa moja mu pineti.

Njo hiyo muguu iliyovunjika, Mama. Haikuvunjika. Iliondoka ngozi na ikavimba. Nilichechemea mpaka ikapona, na Mama Riziki, ile safari yake ya mbele ya hii, alinikuta nachechemea. Kutoka hapa mpaka Burungu barabara ni refu. Najua ngozi ilitoka Walikale, na mufupa njo ikafika kwako.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Paluku hakucheka. Aliokota kambambili, akaiangalia.

"Mama Neema, nani alikufundisha kusimamisha gari na kisigino?"

"Mulima," nikamujibu.

"Basi ulikuja nayo mpaka huku kwenye hakuna mulima." Akageukia wengine. "Anayecheka aseme kama yeye anaweza kushuka milima ya kwao, Masisi, na chukudu yenye imejaa viazi." Mumoja akasema yeye hata na chukudu tupu angeshuka akilia.

Nilifikiri sitarudia. Nilienda nyumbani na aibu na muguu yenye moto. Lakini ile wiki, nikipima bulo na rondele za kufungia vyuma kwa watu, nilikuwa nafanya kona mu kichwa. Siku ya Mungu ingine nikarudi na viatu ya kufunga, ya Bahati, nimejaza vitambaa mbele. Na Paluku akanikatalia gazi. Alinisukuma na mikono, moteri imezimwa, anasema "freni", nakanyaga; "freni", nakanyaga; kama mutu anafundisha mutoto kutembea. Mpaka muguu ikaacha kutoka.

Sasa najua kidogo. Najua unapunguza mbele ya kona, si ndani yake. Najua ukiangalia pineti utaenda ku pineti. Unaangalia pale unataka kufika. Najua kuinama vile tunainama ku chukudu hakusaidie kitu, unatulia tu na kushika usukani bila kupigana nayo. Nikikosea, Paluku anainua mukono moja na ninasimama. Sishindane na mutu, Mama. Tunazunguka mumoja-mumoja. Neema hapande na mimi hata siku moja, hata akilia, na analia. Anabaki juu ya mapaja ya Mama Kavira na karanga zilizotafunwa. Kaske bila kuifunga, sikai. Hiyo ni sheria yangu mimi, hakuna aliyeniwekea.

Utaniuliza ninapata nini pale. Nilijiuliza pia. Mama, kila siku mikono yangu inafanya kazi tatu kwa mara moja, na masikio yangu inangojea kuitwa. Pale ndani mikono miwili inafanya kazi moja tu. Moteri inapiga kelele, hakuna mwenye kuniita, na hata akiniita sisikie. Ni kidogo sana, na inaisha. Nikitoka, nyumba iko vile nimeiacha, vyombo viko vile nimeviacha. Ila mimi naviosha bila kukasirikia mutoto. Mbele nilikuwa namukasirikia, Mama. Si sana, lakini yeye alikuwa anaona.

Bahati nilimuambia mwenyewe kwa telefone, sikungoja aambiwe. Akasema, "Ukivunjika, nani atapika?"

"Yule mwenye njaa," nikamujibu.

Akacheka. Lakini juu ya ujumbe yako, alipofika nyumbani, hakucheka. Yeye anakuheshimu. Alisema, "Mama yako akimuomba mutoto, mimi sina neno. Hiyo ni mambo yenu." Na asubuhi ya leo, mbele hajaondoka na kamio, alifunga nguo za Neema mu kitenge, akaziweka karibu na mulango ili nisihangaike. Alifikiri ananisaidia.

Niliangalia ile kifurushi kutwa. Na nilikuwaza wewe zaidi kuliko vile nilijiwaza mimi. Najua kwetu mujukuu wa kwanza, akiisha kuacha ziwa la mama, anaenda kuota moto kwa nyanya yake. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na nyanya alinipenda. Najua tena tangu mudogo wangu Esta aliolewa na kuenda Kitchanga, unapika chungu kidogo na unakula ukiwa peke yako. Ungeniambia tu hivyo, Mama: nyumba imenyamaza, nipe mutoto. Ingekuwa ngumu zaidi kukukatalia. Uliniambia mutukari, juu ulijua mutukari itanipa haya.

Sina haya. Na jibu ni hii, naiandika nikiwa na moyo mutulivu, na usome polepole: Neema anabaki na mimi. Si juu ya kukushinda. Ile barabara unaijua, inafungwa na kufunguliwa bila kuuliza mutu, na mutoto akishapita upande ule, sijui ni lini njia itanirudishia. Mimi nimechoka, ni kweli. Lakini sijachoka na yeye. Usiache mutu akuambie hivyo, hata kama ni mimi siku nyingine nitalia kwa telefone.

Kamutukari pia siachi. Ukiniambia mara ya pili nitakusikiliza kwa heshima, na siku ya Mungu nitaenda.

Kile ninaweza, nitafanya. Barabara ikikubali, na Papa Kambale akinipa ruhusa, tutakuja wote wawili tuote moto yako, ukae na Neema kutwa mpaka yeye mwenyewe akukimbie. Ao wewe uje huku na Mama Riziki. Huku joto itakusaidia magoti. Utakaa na Mama Kavira, mutagombana vizuri.

Mama Riziki nimemupa mafuta ya mawese na samaki ya makayabo kwa ajili yako. Usimuulize maneno mengi. Alinibembeleza kwa nguvu kama vile ulimutuma, hata alisema atamubeba Neema mwenyewe njia yote. Akishuka kamio peke yake, ujue ni mimi niliyemukatalia, na chai umupe.

Unisalimie Esta mudogo wangu na shemeji, umuambie asichoke kukutembelea, Kitchanga si mbali. Unisalimie mujomba Safari mwenye ngombe, na mama mukubwa Vumilia mwenye kunifundisha kusuka mukeka, na pasta wetu, aendelee kututaja. Neema anakusalimia pia. Nimemuuliza aseme nini kwa nyanya yake, akasema "leta mbuzi". Sasa amelala, hapa karibu na kitenge yenye nguo zake. Nimeifungua, nimemufunika nayo.

Mungu akulinde, Mama, na akulainishie moyo juu yangu.

Ni mimi mutoto wako, na mama ya Neema,

Furaha