Kaseti ya Mama Haikutafunwa na Redio

Mshangano, Songea
Mwezi wa Shaabani

Mdogo wangu Somoe,

Assalaam alaikum. Kabla sijakujulia hali nikuambie jambo moja, maana nikianza na salamu nitazunguka nazo mpaka karatasi iishe. Kaseti ya mama haikutafunwa na redio kama nilivyowaambia. Iko hapa mbele yangu, kwenye kiti cha dawa, nzima kabisa. Nimekuwa nayo miaka yote hii tisa.

Sasa nikujulie hali. Goti lako je? Na zile mvua zilizoangusha mkorosho wa uani, ziliacha paa salama? Huku zimeshika. Mashaka, dereva wa lori la mahindi aliyeniletea barua yako, amelala njiani siku tatu kwa matope, na anasema akirudi huko atalala nne. Nimemwomba asiondoke bila barua hii.

Mimi ni mtu wa kukalishwa na kulazwa. Miguu imevimba hadi magotini, na kutoka kitandani mpaka barazani napumzika mara mbili. Juzi daktari alimwita Adela pembeni, na binti yangu akarudi anatabasamu kupita kiasi. Nimefundisha miaka thelathini, Somoe, naijua sura ya mtoto anayeficha kitu. Sikumuuliza. Nimeomba kalamu na daftari tu, na leo ni siku ya tatu naandika.

Umeniandikia kwamba Abdala, yule fundi cherehani wa Masasi, ametuma watu tena. Mara ya pili, baada ya miaka tisa! Ukasema uliwajibu wale wazee, "Mwambieni amechelewa, meno yangu mawili yalichoka kumngoja." Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikakukumbuka ulivyokuwa. Kisha nikafika chini ulipoandika: "Lakini kaka, neno la mama ni neno la mama. Iddi ikipita nitawapa jibu lilelile." Hapo kicheko kilikwisha.

Nakuomba, usitoe jibu hilo kabla hujafika mwisho wa barua hii. Na uisome mwenyewe. Usimpe mjukuu akusomee. Ulijifunza kusoma ukubwani, jioni baada ya shamba, na najua unafuata mstari kwa kidole. Basi nenda na kidole chako polepole, mimi nakungoja.

Unaikumbuka siku ya kurekodi kuliko mimi, kwa kuwa ulikuwapo. Uliniandikia wakati ule kwamba Bakari, mwalimu wa madrasa, alileta radio-kaseti yake, akaiweka kwenye mkeka mbele ya mama, akabonyeza, na mama akawafukuza wote. "Tokeni. Haya ni ya mimi na mwanangu." Mkakaa nje mkibangua korosho, mkimsikia anasema na kukohoa, bila kuyapata maneno. Ilipokwisha uliichukua wewe, ukavivunja kwa ncha ya kisu vile vibanzi viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti, kwa kuwa Bakari alikuambia vikishavunjwa hakuna awezaye kurekodi juu yake. Ukaifunga kwenye kitambaa cha kanga ukampa dereva. Ulifanya kila kitu sawasawa.

Ilinifikia siku ya arobaini ya Veronika.

Unajua mama alivyomwona mke wangu. Mngoni, Mkatoliki, nesi anayevaa saa mkononi. "Sina mkwe Songea," alisema, na hakurudi nyuma katika neno hilo, hata Adela alipozaliwa. Veronika alimtumia vitenge kila Iddi, na sikusikia kwamba mama aliwahi kuvivaa. Sasa Veronika yuko kaburini, na mkononi nina kaseti ya mama ya saa nzima. Niliiweka kwenye mfuko wa koti. Ikakaa humo siku nane.

Nikuambie kidogo habari ya muziki, hata kama utasema kaka amechanganyikiwa. Mimi na Veronika tulikutana kwenye dansi, chuoni, enzi vijana wote wa mjini walipopagawa na soul, ile miziki ya Wamarekani weusi. Walimu wakubwa walituona wahuni. Nilikuwa na miaka mingi kuliko wenzangu, najifanya siijui, mpaka nesi mmoja akanijia akasema, "Wewe mzee, miguu yako inacheza chini ya meza, kwa nini unaiadhibu?" Nikasimama. Kiingereza nilikijua, lakini si maneno yaliyonishika. Ni yule mwanamume anayeimba kama anaomba msamaha mlangoni, na tarumbeta zinamjibu kama watu wa ndani waliokataa kufungua. Tulinunua sahani za santuri tatu. Zikachakaa, sindano ya gramafoni ikakosekana madukani, na kwa miaka mingi nyumba yetu haikuwa na wimbo hata mmoja wa namna ile. Veronika akipika aliimba mwenyewe, na sehemu za tarumbeta alizifanya kwa mdomo.

Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa. Vitu vikaja: mitumba, betri, radio-kaseti za kila umbo. Hapa mjini, mtaa wa Mfaranyaki, akafungua kibanda mtu mmoja aitwaye Kastori, kazi yake kurekodi. Unampa kaseti, unachagua nyimbo kwenye daftari lake, yeye anakupangia mchanganyiko wako, na kwenye karatasi ya ndani anaandika majina kwa mwandiko mzuri kuliko wa wanafunzi wangu. Nilidhani vijana watataka mambo mapya. Wapi! Walipanga foleni kuulizia soul za zamani, nyimbo zilizotoka kabla hawajazaliwa. Nilimuuliza Kastori kwa nini. Akasema, "Mwalimu, hizi mpya zinakuchezesha. Zile zinakujua."

Nilikwenda kwake siku ya nane ile. Nilitaka nyimbo za Veronika, zote, pamoja, mahali pamoja. Akanionyesha daftari.

"Unataka za kucheza au za kulia?"

"Za kulia ninazo nyumbani. Nipangie za kucheza."

"Basi lete kaseti, Mwalimu. Mpya zimeniishia, gari la Dar limekwama."

Mkono uliingia mfukoni wenyewe. Akaifungua kanga, akaigeuza kaseti, akainusa, nadhani ilinuka moshi wa jikoni kwako. Akaniangalia.

"Hii imevunjwa huku juu. Mwenyewe hakutaka ifutwe."

"Mwenyewe ni mimi."

"Ina nini?"

"Salamu tu."

Akatafuna kipande cha karatasi, akaziba tundu mbili ulizozifungua kwa kisu, akabonyeza. Nilisimama pale kaunta mpaka upande wa kwanza ukaisha, na sikusema acha. Nyimbo kumi na tano. Kastori ni fundi makini, hapendi kuacha utepe mtupu. Nimetafuta mwisho wa kila upande mara nyingi kuliko unavyofikiri, nikisogeza sikio. Wimbo wa mwisho unakatwa katikati, halafu kaseti inagota. Hakuna hata kikohozi.

Na adhabu yake sikia. Mpangilio wangu ulimpendeza Kastori, akabaki na nakala, akaiandika "Ya Mwalimu," akawa anairekodia kila anayeomba. Kinyozi anayo. Wauza mitumba wanayo. Ilipigwa hata kwenye harusi ya jirani yetu hapa Mshangano, na mabinti wakaja kunivuta barazani: "Mwalimu, amka, kaseti yako hii!" Nikacheza, Somoe. Walikuwa wamefurahi. Tangu hapo sijapita Mfaranyaki bila kuusikia ule wimbo wa kwanza unaanza, kwa mpangilio nilioupanga mimi, na kila ukianza najua chini yake ndipo mama alipokuwa anafungua kinywa kuniita. Mji mzima unacheza juu ya mama yetu, na hakuna anayejua.

Bado naipenda. Hilo nalo nikiri. Adela huanika betri zangu juani ili zipate nguvu kidogo, na alasiri naisikiliza, na katika nusu saa ile Veronika anapita jikoni na ninasahau miguu. Halafu betri zinalegea, yule mwanamume anaanza kuimba kwa sauti nzito ya kuvuta, kama bibi kizee, na mimi nazima haraka.

Mwezi wa pili baada ya kaseti, mama akafariki. Nilifika siku ya pili, mmeshamzika. Baada ya hitima wazee walikaa ukumbini, nawe ukaja na maji ya kunawa, ukauliza mbele ya wote, "Kaka, mama alikuambia nini?" Uliuliza taratibu. Nilijua kwa nini. Abdala alikuwa amekwishaleta barua ya posa, wewe mjane wa miaka hamsini, na ulimwambia angoje, kwa kuwa mama alikuahidi kwamba neno lake juu ya jambo hilo ataniachia mimi mkubwa.

Wazee wakanigeukia. Nikasema kaseti niliisikiliza mara moja, mara ya pili redio ikaitafuna. Nikasema mama ameagiza Somoe asiuache mji wala mikorosho, asiolewe mbali. Ukaitikia, "Nimesikia." Ukaokota bakuli, ukatoka. Nilikuona kwa dirisha, umesimama kwenye kinu bila kutwanga.

Abdala akangoja misimu miwili ya korosho akarudi kwao. Nawe ulibaki ukaulinda mji, ukaniletea korosho kila mwaka katika gunia dogo, na mimi nikazila.

Mkono umechoka. Nitume salamu sasa, maana baada ya neno lililobaki huenda usipende kuzifikisha. Nisalimie Bakari, mwalimu wa madrasa, mwambie mashine yake ilifanya kazi vizuri. Nisalimie shangazi wa Namasakata ya juu, kama bado anaona, na mjukuu wako anayekuchotea maji. Nisalimie wazee waliokaa ukumbini siku ile. Waliobaki hai, wasomee mstari wa mwisho wa barua hii, uwe ushahidi. Na Abdala, msalimie mwenyewe kwa mdomo wako. Mashaka amenipatia habari zake: bado anashona kwenye baraza ya duka lilelile Masasi, na cherehani yake ni ileile.

Adela atakuletea kaseti yenyewe nikishaondoka. Usiitupe. Ina nyimbo nzuri.

Nilikuwa nimemwogopa mama, Somoe. Nilidhani nitamsikia akifurahi kwamba Veronika amekufa, na huenda alikuwa ananipa pole, sitajua. Siku ile ukumbini mlikuwa mnaningoja nyote, na nikatazama dirishani nikaiona mikorosho, nikawaza nani atabaki nayo kama si wewe, na maneno yakanitoka. Yalikuwa maneno yangu. Mimi sikumsikia mama akikukataza kuolewa, wala akikuruhusu, kwa sababu ile kaseti mimi, Yusufu, kaka yako, nilimpa Kastori aifute kabla sijasikiliza hata neno moja.